Maisha ya Eric Liddell, Mkimbiaji na Mlezi wa Vijana



Katika kijitabu hiki huonyeshwa kila mwaka fedha zilizoingia na zilizotoka. Lakini iko hesabu nyingine isiyoandikwa katika daftari la mweka hazina, nayo ni saa ambazo mtu mzima huwapa watoto, wawe wake au wa wenziwe. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kuyakumbuka maisha ya Eric Liddell, mkimbiaji wa Scotland aliyefariki mwaka wa 1945. Watu wengi humkumbuka kwa Jumapili moja aliyokataa kukimbia. Iko Jumapili ya pili, isiyojulikana sana, nayo yastahili kusimuliwa pia.

Eric alizaliwa tarehe 16 Januari 1902 mjini Tientsin, ambao sasa huitwa Tianjin, nchini Uchina, ambako wazazi wake walikuwa wamisionari. Alipokuwa na umri wa miaka sita aliwekwa pamoja na kaka yake katika shule ya bweni ya wana wa wamisionari huko London, kisha wazazi wakarudi kazini Uchina. Basi alikua akimwona baba yake kwa nadra, na sehemu kubwa ya malezi yake aliipata darasani na katika kiwanja cha michezo.

Alipoingia Chuo Kikuu cha Edinburgh sifa zake zilienea upesi. Aliichezea Scotland mchezo wa raga mara saba katika miaka ya 1922 na 1923, kisha akauacha ili ajitie kwa bidii katika mbio. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924, mbio zake hasa zilikuwa za mita 100. Miezi kadhaa kabla ya safari akafahamu ya kuwa mchujo wa mbio hizo ungefanywa siku ya Jumapili, naye alikuwa ameweka siku hiyo kwa ibada tu. Alisihiwa na kulaumiwa, lakini hakugeuka. Akajizoeza kwa mbio za mita 400, ambazo hakuzoeleka nazo sana. Alipata nishani ya shaba katika mita 200, na tarehe 11 Julai akashinda mita 400 kwa sekunde 47.6, kasi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuifikia katika Olimpiki kabla ya siku ile.

Mtu mwingine angekaa na kuzila sifa hizo. Eric alirudi Uchina mwaka wa 1925, akafundisha sayansi na michezo katika shule ya wavulana ya Tientsin, na ujuzi wake ukasaidia katika ujenzi wa kiwanja cha Min Yuan mjini humo. Mwaka 1934 alimwoa Florence Mackenzie, binti wa wamisionari wa Kanada. Walijaliwa mabinti wawili, Patricia na Heather, naye akawa baba mpole apendaye kucheza na wanawe.

Vita vya Wajapani vilipoenea, Eric alitumwa vijijini Siaochang, akawa anazunguka kwa baiskeli kati ya majeshi yaliyokuwa yakipigana. Mwaka wa 1941 hatari ilizidi, ikambidi kumsafirisha Florence, aliyekuwa mja mzito, pamoja na watoto hadi Kanada. Yeye alibaki, kwani hakutaka kuiacha kazi yake. Binti wa tatu, Maureen, alizaliwa huko Kanada mwaka uo huo, wala baba yake hakupata kumtia machoni.

Mwaka wa 1943 Wajapani walimfunga katika kambi ya Weihsien pamoja na wageni wengine kiasi cha 1,500. Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi wa shule ya Chefoo, ambao wengi wao walikuwa wametengwa na wazazi wao kwa miaka. Eric aliijua hali yao, kwani aliipitia utotoni. Aliwafundisha sayansi, akawapangia mashindano, akatengeneza magongo yaliyovunjika kwa kuyafunga vipande vya nguo. Watoto wakamwita Mjomba Eric. Mapenzi aliyoshindwa kuwapa wanawe wakiwa mbali, aliyatoa kwa watoto wa watu wengine.

Hapo ndipo ilipotokea ile Jumapili ya pili. Eric hakukubali michezo siku hiyo. Lakini vijana, kwa kuchoka na kufungwa kambini, walipanga wenyewe mchezo wa magongo bila mwamuzi, nao ukaishia katika ugomvi. Eric alilifikiri jambo hilo. Jumapili iliyofuata alitoka kiwanjani, akawa mwamuzi wao. Mtu aliyekataa kuivunja Jumapili kwa ajili ya nishani yake mwenyewe, alikubali kuilegeza ili watoto wasiumizane. Hatudhani kwamba aliiacha imani yake. Sheria ile alikuwa amejiwekea nafsi yake, wala hakutaka watoto ndio wailipie.

Katika baridi kali ya mapema mwaka 1945, alimpa kijana mmoja aliyekuwa akimsaidia kutengeneza vifaa viatu vyake vya mbio, vilivyochakaa na kushonwashonwa, kwa kuwa vya kijana huyo vilikuwa vimekwisha. Tarehe 21 Februari alifariki kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na umri wa miaka 43. Kambi ilifunguliwa tarehe 17 Agosti mwaka huo. Katika mwaka wa 1991 Chuo Kikuu cha Edinburgh kiliweka hapo Weihsien jiwe la ukumbusho, lililotolewa katika kisiwa cha Mull huko Scotland.

Ndugu zetu, wako miongoni mwetu akina baba ambao kazi imewatenga na watoto wao, na wako watoto mtaani ambao baba zao wako mbali. Mtoto wa namna hiyo hangoji bingwa wa dunia. Amtakaye ni mtu mzima atakayefika kiwanjani jioni, akawagawia mpira, akaamua kwa haki, na kesho yake akarudi tena. Hayo ayaweza kila mmoja wetu.