Dedan Kimathi na Sheria ya Kunyonga

Ndugu zetu wa Kitale na Bungoma wametutaka tuwabainishie khabari ya hukumu ya kifo katika Kenya. Tumeona bora tuieleze kwa maisha ya mtu mmoja.

Dedan Kimathi alizaliwa Nyeri mwaka 1920. Alisomesha, kisha akaingia msituni kuwaongoza wapiganaji wa Mau Mau. Alikamatwa Oktoba 1956, hali amejeruhiwa kwa risasi. Kosa lililompeleka kitanzini halikuwa kuua, bali kuwa na bastola. Sheria za hali ya hatari zilitosheka na hilo. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa humo humo gerezani.

Mwaka 2007 serikali ilimsimamishia sanamu Nairobi. Lakini mkewe, Mukami, alifariki mwaka 2023 asikabidhiwe maiti ya mumewe.

Katika sheria yetu, hata auawaye kwa kisasi huoshwa, husaliwa, na huzikwa. Na mawalii wa damu wana haki ya kusamehe. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, na mwaka 2017 Mahakama ya Upeo iliondoa ulazima wa kifo kwa muuaji. Hukumu yenyewe ingali kitabuni. Basi wenye kuijadili na wamkumbuke Mukami.