Robert Koch: Kutoka kimeta hadi papasi wa Tanganyika

Mfugaji wa Gitting akikuta ng'ombe kafa ghafla, damu inatoka puani na haigandi, anaambiwa asimchune wala asile nyama. Hicho huenda ni kimeta. Aliyethibitisha kwamba kinaletwa na bakteria ni Mjerumani, Robert Koch.

Alizaliwa mwaka 1843. Alikuwa daktari wa wilaya tu, maabara yake ni chumba cha nyumbani, na mwaka 1876 akaonyesha jinsi bakteria wa kimeta anavyojifungia kwenye ganda gumu na kukaa udongoni miaka mingi. Ndiyo maana mzoga haupasuliwi, unachomwa au kufukiwa shimo refu. Mwaka 1882 akamtangaza bakteria wa kifua kikuu. Hapo dunia nzima ikamjua.

Lakini kazi yake iliyo karibu zaidi na sisi haisimuliwi sana. Mwaka 1905, akiwa mzee wa miaka 61, alikuja huku, enzi hizo koloni la Wajerumani, kuchunguza homa iliyowaangusha wasafiri wa misafara. Homa yenyewe ya ajabu: inapanda siku chache, inaondoka, unadhani umepona, halafu inarudi. Ni rahisi kuidhania malaria.

Koch akaenda kwenye vibanda walikolala wapagazi, akachimba vumbi la sakafu na kuokota papasi. Mdudu huyu hujificha mchana kwenye nyufa, usiku anatoka kunyonya damu. Akawapasua mmoja mmoja chini ya hadubini, na humo akamwona bakteria mwembamba aliyejisokota. Akagundua pia kwamba papasi jike humpitisha bakteria huyo kwenye mayai yake, yaani vitoto vinazaliwa tayari na ugonjwa. Kwa hiyo kibanda kinaweza kukaa bila mgonjwa na bado kikawa hatari. Ushauri wake ulikuwa mwepesi: msafiri asilale kwenye vibanda vya zamani, apige hema pembeni, maana papasi hatembei mbali.

Mwishoni mwa mwaka huohuo akapewa tuzo ya Nobel, kwa kazi ya kifua kikuu. Alifariki mwaka 1910.

Bakteria wa homa ya papasi hakupewa jina la Koch. Anaitwa kwa jina la Dutton, daktari Mwingereza aliyekuwa akichunguza homa hiyohiyo mashariki mwa Kongo, akaugua, akafa Februari 1905.