Jaji Kiwanuka na Nyumba Yake

Huku kwetu Malindi na Kilifi akina mama huuliza: baba akishikilia haki kazini hata akafukuzwa, watoto watakula nini? Swali hilo si dogo. Tumtazame Benedicto Kiwanuka wa Uganda.

Alizaliwa mwaka 1922 katika Buganda, akalelewa Mkatoliki. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa askari. Baadaye alisomea sheria London, akawa wakili mwaka 1956. Mwaka 1958 alichaguliwa kuongoza chama cha Democratic Party, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza, kwa muda mfupi tu. Serikali ya Obote ilimtia ndani mwaka 1969. Amin alimfungua mwaka 1971, akamfanya Jaji Mkuu, mwananchi wa kwanza kukalia kiti hicho.

Wengi wangenyamaza ili kulipa fadhila. Yeye, Septemba 1972, aliamuru aachiliwe Mwingereza aliyezuiliwa na askari kinyume cha sheria. Tarehe 21 mwezi huo huo watu wa Amin walimkamata pale Mahakama Kuu, Kampala.

Uamuzi wa namna hiyo hulipiwa na nyumba nzima. Basi baba, usimfiche mama hatari ya kazi yako; zungumzeni mapema, mshahara ungali unaingia.

Kiwanuka aliuawa, na mwili wake haukurudishwa. Mkewe, Mama Maxencia, alibaki mjane na watoto, bila kaburi la kwenda kusali.