Bibi Eleanor Roosevelt na Tume ya Ushauri

Serikali nyingi duniani huunda mabaraza na tume za kuzishauri juu ya haki za wanawake. Vyombo hivyo havitungi sheria wala havimshitaki mtu. Kazi yao ni kuchunguza, kuandika na kushauri. Ndiyo maana wapo wanaoviona kuwa ni pambo la Serikali tu, na wapo wanaodhani kuwa kwa kuundwa kwake peke yake kazi imekwisha. Maisha ya marehemu Bibi Eleanor Roosevelt wa Marekani yanaonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea.

Bibi Roosevelt alizaliwa mjini New York tarehe 11 Oktoba 1884, katika ukoo wenye mali na jina. Mali hiyo haikumkinga na msiba. Mama yake alifariki mwaka 1892 na baba yake mwaka 1894, naye akalelewa na bibi yake mzaa mama. Alipofikia umri wa miaka 15 alipelekwa Uingereza, katika skuli ya wasichana ya Allenswood karibu na London. Mwalimu mkuu, Marie Souvestre, aliwazoeza wanafunzi wake kufikiri wenyewe na kuzitetea hoja zao. Aliporejea New York mwaka 1902, binti huyo alikwenda kufundisha watoto wa wahamiaji maskini, akajionea kwa macho yake jinsi wanawake walivyofanya kazi katika karakana za mji ule.

Mwaka 1905 aliolewa na Franklin Roosevelt. Mwaka 1921 mumewe alishikwa na maradhi ya kupooza miguu, na tangu hapo Bibi Roosevelt akaingia kwa dhati katika siasa na katika chama cha wanawake wafanyakazi. Mumewe alipokuwa Rais mwaka 1933, Bibi huyo alianza kuzungumza na waandishi wa habari wanawake peke yao. Magazeti yaliyotaka habari zake yakalazimika kuwa na mwandishi mwanamke. Halikuwa jambo kubwa kwa kulitazama, lakini liliwahifadhia watu kazi zao katika miaka ya dhiki.

Baada ya kifo cha mumewe mwaka 1945, Rais Truman alimteua kuwa miongoni mwa wajumbe wa Marekani katika Umoja wa Mataifa. Aliiongoza Tume ya Haki za Binadamu iliyoandaa Tangazo lililopitishwa mjini Paris tarehe 10 Desemba 1948, kwa kura 48, bila ya kura ya kupinga, na mataifa 8 yakijizuia. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 nayo inalitaja Tangazo hilo katika ibara ya 9. Yafaa ikumbukwe kwamba katika tume ile alikuwamo Bibi Hansa Mehta wa India, aliyekataa ibara ya kwanza itumie neno la Kiingereza linaloweza kufahamika kuwa ni wanaume peke yao. Mwanzoni Bibi Roosevelt aliliona neno hilo kuwa linatosha. Hata hivyo hoja ya mjumbe ikashinda, na ibara ikawataja binadamu wote.

Kazi yake ya mwisho ndiyo inayotuhusu zaidi hapa. Rais Kennedy aliposhika madaraka mwaka 1961, wanawake aliowapa vyeo walikuwa wachache mno. Bibi Roosevelt akampelekea orodha ya wanawake wenye sifa. Tarehe 14 Desemba mwaka huo Rais aliunda Tume ya Hali ya Wanawake, na akamweka Bibi huyo kuwa mwenyekiti. Shughuli za kila siku ziliendeshwa na Bibi Esther Peterson wa Idara ya Kazi.

Nia ya tume hiyo haikuwa safi moja kwa moja. Kwa miaka mingi vyama vya wanawake vya Marekani vilikuwa vimegawanyika. Baadhi vilitaka Katiba ibadilishwe ili itamke usawa wa wake na waume. Vingine, pamoja na vyama vya wafanyakazi, viliogopa kwamba badiliko hilo lingefuta sheria zilizowalinda wanawake viwandani. Bibi Roosevelt alikuwa kwa muda mrefu upande huu wa pili. Kwa kuunda tume, Serikali ilipata pia njia ya kuliweka kando suala la Katiba. Wanasiasa wa kila nchi wanaijua hila hiyo.

Hata hivyo, tume haikukubali kuwa kabati la kufungia hoja. Miongoni mwa wajumbe wake walikuwamo mawaziri, yaani watu wale wale ambao wangetakiwa kuutekeleza ushauri. Kazi iligawanywa katika kamati saba, zikiwamo za elimu, ajira ya Serikali, ajira ya makampuni, bima na kodi, na haki za kiraia. Matunda yalionekana hata kabla ya ripoti kuandikwa. Hapo awali mkuu wa idara aliweza kusema tu kwamba anataka mwanamume, na mwanamke mwenye sifa akaachwa. Mwezi wa Julai 1962 Rais aliagiza kwamba ajira na vyeo katika Serikali vitolewe kwa sifa, bila ya kujali mtu ni mke au mume.

Bibi Roosevelt alifariki tarehe 7 Novemba 1962, akiwa na umri wa miaka 78. Sheria ya malipo sawa kwa kazi sawa, aliyoitetea mbele ya Bunge mwaka ule ule, ilitiwa saini tarehe 10 Juni 1963. Ripoti ya tume ilikabidhiwa kwa Rais tarehe 11 Oktoba 1963, siku yake ya kuzaliwa. Hadi mwaka 1967 majimbo yote 50 yalikuwa na tume za namna hiyo.

Lakini tusiyakuze mambo. Mwaka 1963 mwanamke wa Marekani aliyefanya kazi mwaka mzima alipata, kwa wastani, senti 59 kwa kila dola ya mwanamume, na sheria mpya haikuwafikia wengi wa watumishi wa majumbani na mashambani. Mwaka 1966 wajumbe wa tume za majimbo walikutana mjini Washington. Baadhi yao walitaka kupitisha azimio la kuibana Serikali itekeleze sheria ya mwaka 1964 iliyokataza ubaguzi katika ajira. Wakaambiwa kwamba mkutano wao hauna ruhusa ya kupitisha maazimio. Hapo ndipo walipoamua kuunda chama chao wenyewe, nje ya Serikali.

Funzo kwa watumishi wa Serikali li wazi. Tume ya ushauri hufaa pale inapowaweka wenye madaraka meza moja na wenye hoja, inapokusanya ushahidi, na inapojibiwa kwa maandishi katika muda uliowekwa. Ikikosa hayo, ni maneno matupu, na maneno matupu hayavunji mfupa. Nao wananchi, bara na visiwani, hawana budi kuiuliza kila tume yao ilishauri nini, nani aliupokea ushauri huo, na umefanyiwa nini. Mwanamke anayelipwa pungufu leo halishi watoto wake kwa ripoti iliyolala ofisini.