Alexander Wood: Aliyeleta sindano ya dawa, akakosea dawa inakokwenda

Kichwa kinauma, lakini sindano unachomwa kwenye makalio, na hakuna anayeshangaa. Kila mtu anajua dawa itazunguka na damu hadi ifike.

Daktari aliyeifanya sindano ya dawa ijulikane hakuamini hivyo. Kwake, ilibidi uchome pale pale panapouma.

Alexander Wood alizaliwa Desemba 10, 1817 mjini Cupar, Scotland. Alisoma udaktari Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuhitimu mwaka 1839. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka 1844, akiwa bado kijana, alichapisha kitabu kizima cha kuwashambulia waganga wa homeopathi.

Kilichomsumbua zaidi ni wagonjwa wenye maumivu makali ya neva. Dawa kubwa ilikuwa afyuni na mofini, nazo zilimezwa. Wengine tumbo halikuzikubali. Madaktari wakawa wanatoa malengelenge kwenye ngozi, kisha wanapaka dawa juu ya kidonda.

Wood hakuwa wa kwanza kufikiria kupita chini ya ngozi. Mwaka 1844, Francis Rynd wa Dublin alitumia mrija mwembamba ambao dawa ilishuka yenyewe, bila kusukumwa. Mwaka 1853, Charles Pravaz wa Lyon, Ufaransa, alikuwa na bomba lake dogo lililosukumwa kwa skrubu.

Mwaka huo huo, Wood alichukua bomba la kioo lililotengenezwa London na fundi aitwaye Ferguson kwa ajili ya kutibu alama za kuzaliwa. Lilikuwa na sindano yenye uwazi ndani na tundu karibu na ncha, kama mwiba wa nyigu.

Usiku wa Novemba 1853

Mgonjwa wake wa kwanza wa mofini alikuwa bibi mzee mwenye maumivu ya shingo na bega. Saa nne usiku, Wood alitafuta mahali panapouma zaidi, akamdunga matone 20 ya mofini iliyoyeyushwa kwenye mvinyo wa sherry.

Baada ya dakika chache bibi akaanza kuhisi kizunguzungu. Kabla ya saa moja kupita, maumivu yakatulia.

Asubuhi ya saa tano Wood alirudi, akamkuta bado hajaamka. Alikuwa anapumua kwa kina na kumwamsha kulikuwa kazi. Baadaye aliamka, na maumivu hayakurudi.

Jibu lilikuwa limelala pale kitandani. Dawa ilidungwa begani, lakini aliyelala ni mtu mzima, kichwa hadi miguu. Wood alikubali kwamba sehemu ya dawa hufika kwenye ubongo, ila alipochapisha matokeo yake mwaka 1855 alisisitiza kudunga penye maumivu.

Jipu lililoleta ubishi

Aliyempinga ni Charles Hunter, daktari wa upasuaji London. Mgonjwa wake alipata jipu pale alipochomwa, ikabidi Hunter ahamie sehemu nyingine ya mwili. Kumbe nafuu ikaja vile vile.

Mwaka 1858 wawili hao wakaanza kubishana kwenye majarida ya kitabibu, wakati Wood ndiyo kwanza amekuwa Rais wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha Edinburgh. Mwaka 1867 kamati ya madaktari London ilitoa ripoti: uchome karibu au mbali na maumivu, hakuna tofauti.

Haukuwa ubishi wa vitabuni tu. Wengi waliamini mofini ya sindano haina uraibu kwa kuwa haipiti tumboni. Mwaka 1870 daktari Clifford Allbutt alionya kwamba wagonjwa wanashindwa kuishi bila sindano hizo. Wengi walikuwa wameshanasa.

Wood alifariki Februari 26, 1884. Ukaenea uvumi kwamba mkewe Rebecca alikufa kwa kujidunga mofini kupita kiasi. Si kweli. Rebecca aliishi hadi 1894, miaka kumi baada ya mumewe.

Sindano ya leo

Mwishoni mwa karne ile, kampuni ya Luer ya Paris ilitoa bomba la kioo lenye mdomo uliochongoka kidogo, ili sindano ikae na kubana. Jina hilo limebaki hadi leo.

Luer ya kawaida unachomeka tu. Luer ya kufunga unachomeka na kuzungusha, ili sindano isichomoke dawa ikisukumwa kwa nguvu. Mabomba mengi ya insulini huja na sindano iliyogandishwa kabisa, ili dawa isibaki kwenye maungio.

Kwenye bomba kuna mistari ya vipimo. Hiyo ndiyo inayobeba somo la bibi wa Edinburgh: dawa ikishaingia haibaki ilipochomwa, na ikizidi, inazidi mwili mzima.