Panda Farnana, aliyetutangulia Ulaya

Sanduku langu liko chini ya kitanda tangu Pasaka, na limejaa nusu. Mwezi wa tisa, viza ikitoka, nitakwenda Ubelgiji kusoma muhula mmoja pamoja na wenzangu wawili wa kitivo hiki. Tangu habari ijulikane, kila mtu ana shauri. Mama anataka nibebe sombe iliyokaushwa. Waliowahi kwenda wananieleza habari za koti na tramu. Mjomba, ambaye amenilipia masomo tangu shule ya msingi, aliniuliza neno moja tu: kama nitarudi. Nilicheka, yeye hakucheka. Usiku huo nikaanza kusoma maisha ya Paul Panda Farnana, Mkongomani wa kwanza kupata diploma ya masomo ya juu huko Ubelgiji. Nilitaka kuona yeye alilijibu vipi swali hilo.

Panda hakujaza dosie wala hakupanga foleni. Alizaliwa mwaka 1888 huko Nzemba, karibu na Banana, pale mto wetu unapoingia baharini. Baba yake alikuwa chifu. Mwaka 1900, akiwa na umri wa miaka kama 12, luteni mmoja wa Kibelgiji, Jules Derscheid, alimchukua akampeleka Brussels. Tukumbuke miaka mitatu kabla yake: katika maonyesho ya 1897 huko Tervuren, Wakongomani 267 waliwekwa katika vijiji vya kuigiza, Wabelgiji wakaja kuwatazama kutoka nyuma ya uzio. Saba kati yao walikufa wakazikwa palepale. Mtoto huyu alishuka katika mji ambao ulikuwa bado una mazoea hayo ya kutazama.

Alilelewa na Louise, dada wa Derscheid. Wapo wanaosema alipata mama wa pili, wapo wanaosema alikuwa pambo la sebuleni. Mimi naona mambo hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja, na mtoto akayajua yote mawili. Lililo wazi ni kwamba alipelekwa shule ya sekondari ya Ixelles akasoma kama watoto wengine wa hapo. Leo mtaa wa Matonge, uliopewa jina la mtaa wetu wa Kinshasa, uko katika Ixelles hiyohiyo. Wakati wake hakukuwa na Matonge ya kukimbilia siku ya baridi, wala mtu wa kumsalimia kwa Kikongo.

Mwaka 1904 alifaulu mtihani wa kuingia shule ya kilimo cha bustani ya Vilvoorde, na mwaka 1907 akatoka na diploma yenye sifa. Akaongeza masomo ya kilimo cha nchi za joto huko Nogent-sur-Marne, Ufaransa, na Kiingereza huko Mons. Sisi wa kitivo cha lugha tusipite hapo haraka: mtu wa mimea aliona hawezi kumaliza bila lugha ya tatu.

Kisha akarudi. Mwaka 1909 alitumwa na serikali ya koloni kwenye bustani ya mimea ya Eala, karibu na Coquilhatville, ambayo sasa ni Mbandaka. Nadhani hapa ndipo alipoona ugumu wa diploma yake. Koloni ilikuwa na nafasi ya mweusi anayebeba na nafasi ya mweupe anayeamuru. Mweusi mwenye diploma hakuwa na kiti.

Vita vya 1914 vilimkuta Ubelgiji. Akajiandikisha katika kikosi cha wajitoleaji wa Kongo, akatekwa huko Namur, na miaka iliyobaki ya vita akaimaliza akiwa mfungwa Ujerumani. Mwenzake wa kikosi hicho, Albert Kudjabo, mtu wa Kilo-Moto, alitekwa pia. Wataalamu wa Kijerumani waliokuwa wakizunguka kambini kukusanya lugha za wafungwa walirekodi sauti yake. Sauti hiyo ipo hadi leo. Nikiwa darasani, somo la fonetiki likinichosha, huwa namkumbuka Kudjabo amesimama mbele ya pembe ya gramafoni.

Baada ya vita Panda hakunyamaza tena. Mwaka 1919 alianzisha Union Congolaise, chama cha Wakongomani wa Ubelgiji cha kusaidiana na kudai haki. Mwaka uliofuata, kwenye kongamano la mambo ya koloni mjini Brussels, alisimama mbele ya wakubwa akadai elimu kwa Wakongomani na nafasi ya kushauriana juu ya nchi yao wenyewe. Mwaka 1921 alikuwa pamoja na W. E. B. Du Bois katika kongamano la Waafrika lililofanyika London, Brussels na Paris. Magazeti ya wakoloni yalimshambulia, yakimwona kama wakala wa Wabolsheviki. Alichodai kilikuwa shule. Chuo kikuu cha Elisabethville kilifunguliwa mwaka 1956, miaka 49 baada ya diploma yake.

Mwaka 1929 alirudi Nzemba kabisa. Akajenga shule na kinu cha mafuta ya mawese. Mwaka 1930 akafa, akiwa na miaka kama 42.

Nilimsimulia mjomba yote haya Jumapili, mbele ya sahani ya bugali. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akahesabu kwa vidole miaka ya kutoka 1914 hadi 1929, akapata 15, akatikisa kichwa. Akaniomba barua ya mwaliko, akatafuta tarehe ya mwisho wa muhula. Ni mwezi wa kwanza, na kalenda ya mwaka ujao bado haijatoka. Basi akashusha ya mwaka huu ukutani, akaigeuza, na kwa peni nyekundu akaandika tarehe hiyo nyuma yake.