Wanankucha, Musa wa Wazigua

Njaa ya miaka ya 1830 iliwafukuza Wazigua wengi katika nchi ambayo leo ni Handeni na Korogwe. Wakauzwa utumwani Somalia. Wazee husimulia kwamba mwanamke, Wanankucha, aliwaongoza kutoroka mashambani wakielekea nyumbani. Ardhi ilipotetemeka njiani, aliona ni ishara ya kutua. Wakalima kando ya Mto Juba, watu huru, wakikitunza Kizigua chao.

Kama Musa, hakuingia nchi aliyoitamani. Vita vilivyozuka Somalia mwaka 1991 vilirudisha baadhi ya vitukuu vya watu wale hadi Chogo, Handeni. Wapendwa, safari ya Wanankucha itafika mwisho siku tutakapoacha kuwaita wageni.